Maganda ya mayai hayaleti asmini

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na vidio ile ile, mtu kavunja maganda ya mayai, kakata maganda ya ndizi, katia na mashapo ya kahawa, kamimina maji, kakoroga, kamwagia kwenye kopo la maua, na picha inayofuata ua limejaa tele mpaka majani hayaonekani. Zinatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, ya harusi, ya wazee wa skuli, hata grupu la maziko nshaiona huko. Na kwa vile watu wanajua mie nina asmini roshani na zinatoa, basi vidio inakuja na suali chini yake, "shoga hii vipi, kweli?"

Kweli ipo ila nusu, na nusu yenyewe siyo ile inayosifiwa. Takataka za jikoni zinasaidia, mie nazitumia wiki zote, lakini yule aliyepiga vidio yuko kwenye udongo wake na hewa yake, sisi tuko Unguja, tumekaa juu ya jiwe. Kinachomfaa yeye huku kwetu pengine hakifanyi kitu na pengine kinaharibu kabisa, na vile ambavyo sisi tunavitupa jaani kila siku, tena vizuri, hutaviona kwenye vidio hata moja kwa sababu huko kwao hakuna anayekuna nazi.

Tuanze na hayo mayai. Ganda la yai zaidi ya asilimia 90 yake ni kalsiamu kaboneti. Sasa hiyo kalsiamu kaboneti ndiyo hilo hilo jiwe la matumbawe lililojengewa nyumba za Mji Mkongwe, ndiyo chokaa yenyewe kabla haijaingia tanuuni. Nenda Makunduchi, Jambiani, Paje, njia nzima ile ni uwanda, jiwe limetokeza juu na udongo umejikusanya kwenye mashimo tu. Huku magharibi udongo una kina, na Pemba wenzetu wana vilima vyao na udongo wao mzuri, lakini hata huku mjini mtu wa fleti akitafuta mchanga wa kujazia kopo anachukua ule mweupe uliobaki kwenye ujenzi wa jirani, umejaa vipande vya makombe, na maji ya kisima nayo yamepita kwenye jiwe lile lile, hebu chungulia ndani ya birika lako la umeme uone ule ukoko mweupe uliogandia chini, ndiyo hiyo hiyo kalsiamu. Yaani mti wako tangu asubuhi hadi jioni unakula chokaa unakunywa chokaa, halafu wewe unauongezea maganda ya mayai. Ni kumpelekea mtu wa Pemba zawadi ya karafuu.

Na chokaa ikizidi ina madhara yake. Ile chuma iliyomo kwenye udongo inafungika, ipo lakini mizizi haiwezi kuichukua, na bila chuma jani halipati kijani chake. Alama utaiona kwenye majani machanga, yale ya juu kabisa, siyo ya chini. Kata jani moja ulinyanyue mbele ya dirisha ulitazame: baina ya mishipa limekuwa manjano mpaka linakaribia weupe, na mishipa yenyewe imebaki kijani kibichi, unaweza kuihesabu mmoja mmoja. Asmini, waridi, mndimu wa kwenye ndoo, hao ndio wanaoshikwa zaidi. Ukiona majani ya chini ndiyo yaliyogeuka manjano, mishipa na kila kitu, hiyo shida nyingine, mara nyingi njaa ya naitrojeni au maji yametuama kwa sababu kopo halina matundu. Watu wengi wanachanganya hizi mbili, wakiona manjano tu wanamwagia chochote kilichopo karibu.

Ganda la yai tena lina uvivu, ulizike zima leo na mwakani utalifukua kama ulivyoliweka. Ukiwa nayo mengi yasage uyatie kwenye mboji, hamna tabu, ila usiyatarajie kuleta ua. Majivu ya mkaa na kuni vivyo hivyo. Yana potasiamu kweli, na huko bara kwenye udongo wenye asidi yanasaidia sana, lakini yanakuja na ukali wao unaokwenda upande ule ule wa chokaa. Mie ya kwangu nayasugulia masufuria.

Kwa mti ulioshikwa na manjano ya chokaa kitu cha kwanza ni maji, kabla hata ya mbolea. Masika yakifika kinga maji ya mvua, ndoo, madumu, beseni, chochote, ila ufunike, ntakuja hapo kwenye mbu. Na nje ya masika, kama nyumbani au ofisini kuna AC, ule mpira unaotiririka nje mchana kutwa na kufanya ukuta uote ukungu, tia dumu chini yake. Maji yale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayajapita kwenye jiwe wala hayana chumvi. Watu wanalalamika maji hakuna na huku dumu zima linadondoka nje ya dirisha lao kila usiku.

Haya, sasa vinavyofanya kazi. Nambari moja kwangu mie ni maji ya kuoshea mchele, na hili sikulitoa kwenye simu. Chini ya fleti yangu kuna bi mkubwa mmoja, kwao Wete, ana mrihani kwenye makopo ya samli pale mlangoni, umeshiba mpaka ukipita kanzu ikigusa unanukia hadi sokoni. Asubuhi nikiteremka maongezi yetu ndiyo haya:

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mchele ushaosha?"

"Bado bi, mpaka nirudi."

"Basi ukiosha usimwage maji yangu."

Maji yake, anavyosema! Anakusanya ghorofa nzima, watoto wanamteremshia kwenye vikopo. Na ana haki, kwa sababu maji yale ya mwanzo, yale meupe mazito, yanachukua wanga na ule unga wa juu ya punje, ndani yake kuna potasiamu kidogo, fosforasi kidogo, na ule wanga wenyewe unalisha vijidudu vizuri vya kwenye udongo ambavyo ndivyo vinavyosaga mboji ikawa chakula cha mti. Siyo mbolea kali, usitegemee miujiza, ila inakwenda taratibu na haiunguzi mti. Masharti yake machache. Yatumie siku ile ile, kwa joto letu hili ukiyaacha siku mbili yanachacha na mlango mzima unanuka. Kikombe kimoja kwa kopo la kadiri, mara moja kwa wiki inatosha, ukimwaga kila siku wanga unaganda juu ya udongo na vijinzi vile vyeusi vidogo vinaanza kuruka ukipita. Na maji ya mchele uliochemshwa, yale unayomwaga ukipika biriani, hayo yana chumvi, mwiko. Chumvi kwenye kopo haina pa kwenda, inajirundika tu mpaka ncha za majani zinaungua. Maji uliyorowekea choroko au kunde nayo mwagia, ni sawa tu.

Ndizi. Hapa vidio zimesema kweli kuwa ganda la ndizi lina potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo inayohusika na maua na matunda, wakati naitrojeni kazi yake kubwa ni majani, ndiyo maana mtu akitia samadi ya kuku nyingi kwenye asmini anapata mti mnene wa kijani, unapendeza, ua hakuna hata moja. Ninalogombana nalo ni lile la kuyaroweka. Ganda likikaa kwenye chupa ya maji siku tatu linatoa kiasi fulani tu, sehemu kubwa inabaki mule mule kwenye ganda mpaka lioze, na unachopata ni maji ya rangi ya chai yenye harufu ya pombe na vijinzi vya matunda nyumba nzima. Halafu chupa iko wazi roshani, mbu wanataga. Sisi hapa tumehangaika na malaria miaka na miaka mpaka imeshuka, na homa ya dengi nayo inaletwa na mbu wa mchana anayetaga kwenye makopo kama hayo hayo ya maua, kwa hivyo maji yoyote yaliyosimama nje, ya ndizi, ya mvua, ya AC, yafunikwe, kisahani cha chini ya kopo nacho kimwagwe.

Fanya hivi. Jua tunalo la bure. Kata maganda vipande vidogo, vya ukubwa wa kucha, yatandaze kwenye ungo, anika darini au roshani juani siku mbili tatu mpaka yawe meusi na yavunjike ukiyabana kwa vidole, yakipindika tu bado hayajakauka. Ikisha twanga kwenye kinu, au blenda kama huna moyo wa kutwanga. Unga wake unakaa kwenye kopo kavu miezi. Kijiko kimoja cha chakula kwa kopo, ukoroge na udongo wa juu, ufunike na mboji kidogo, kwa mwezi mara moja. Ndizi yoyote, kisukari, pukusa, mzuzu, mkono wa tembo, mie sijaona tofauti, ila mkono wa tembo ganda lake nene linachelewa kukauka na ukilitwanga bichi litakutoa roho. Ukiwa na bustani chini usihangaike na yote hayo, chimba tu uzike.

Maganda ya vitunguu yale makavu, rowesha usiku mmoja, asubuhi mwagia maji yake. Ni hafifu sana, lakini ni bure.

Chai na kahawa ni habari moja ndefu kwa sababu zetu zina mambo. Majani ya chai ya rangi yaliyochujwa ni mazuri, tia. Majani ya chai ya maziwa na sukari, na tangawizi na iliki mule ndani, hayo usiyatie hivi hivi, chungu watakuja safu moja kutoka mlangoni, na maziwa yanachacha. Yasuuze kwenye chujio chini ya bomba kwanza. Kahawa, wanaosema inaongeza asidi kwenye udongo wanakosea, asidi nyingi ishatoka na kahawa yenyewe ukainywa, mashapo yanayobaki yako karibu na katikati. Faida yake ni naitrojeni, kiasi cha asilimia 2 hivi, na inatoka polepole. Ukipita Jaws Corner, kile kibaraza cha kahawa cha Mji Mkongwe, jioni wazee wanapokunywa kahawa yao, mashapo yanayobaki kwenye mabuli ni mengi na hayana sukari, muombe muuzaji atakupa, atakushangaa tu. Ila usiyatandaze mazito juu ya udongo, yakikauka yanakuwa kigaga, maji yanateleza pembeni na mizizi inabaki kavu. Nyunyiza kidogo uchanganye. Na usiyatie kwenye miche michanga iliyotoka kuota, ile kafini inaizuia kukua.

Samaki nitapita haraka. Maji ya kuoshea samaki mbichi na matumbo yake ni mbolea ya haja, ina naitrojeni na fosforasi, mgomba na mpapai wanaipenda, unachimba shimo la kiasi cha mkono mpaka kiwiko pembeni ya shina, unazika, unafukia. Lakini hiyo ni kwa mwenye kiwanja. Ghorofa ya tatu huko usijaribu, nzi, harufu, na paka, jamani paka wa mjini hawa, watafukua kopo mpaka mizizi. Na maji ya kuroweka ng'onda au papa mkavu yasiguse mti wowote, ile ni chumvi tupu.

Sasa nazi, na hapa ndipo mie napenda kukaa, kwa sababu hakuna nyumba hapa isiyokuna nazi, na kila nazi inaacha vitu vitatu: makumbi, kifuu na machicha. Machicha watu wengi wanawapa kuku na ni sawa. Asiye na kuku anayamwaga kwenye maua akidhani anafanya wema, na siku ya pili kopo limeota ukungu mweupe na chungu wamehamia. Machicha bado yana mafuta, na ni nyuzi nyuzi, na kitu cha nyuzi kikianza kuoza kinavuta naitrojeni ya kwenye udongo kwanza kabla hakijatoa chochote, kwa hiyo kwa muda mti unapata njaa. Machicha yapite kwenye mboji kwanza. Yakishaoza huko hayana mfano, yanakuwa meusi laini na yanashika maji.

Makumbi ndiyo mali. Kule ulaya na Marekani watu wananunua makumbi yaliyosagwa, yameshindiliwa kama matofali, wanalipa hela, huku kwetu yanachomwa moto. Wanawake wa pwani, Jambiani na Paje huko, wanajua thamani yake tangu zamani, wanayafukia kwenye mchanga wa pwani miezi yaliwe na maji, kisha wanayapiga na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Ule unga wa kahawia unaodondoka ukilichambua kumbi, ndio unaoutaka. Hauna chakula kingi, ila unashika maji na unaacha hewa ipite, na hauna chokaa, na hicho ndicho kinachokosekana kwenye mchanga wetu. Uchambue, uroweshe kwenye ndoo, umwage maji, uroweshe tena mpaka maji yatoke yameng'aa, kwa sababu makumbi yenyewe yanakuja na chumvi yake. Mie najaza kopo thuluthi makumbi, thuluthi mboji, thuluthi udongo mwekundu unaouzwa na wauza miche, na vipande vya kifuu chini kabisa badala ya kokoto. Kifuu kizima ukikitoboa ni kikopo cha miche, kizuri kuliko vile vya plastiki.

Mboji yenyewe sasa, maana nimeitaja mara zote hizi. Ndoo ya rangi ya lita 20 ya zamani, isuguliwe vizuri, matundu chini na ubavuni kwa msumari wa moto, mfuniko wake uwepo. Chini makumbi makavu. Kila ukitia mabichi, maganda ya muhogo, ya ndizi, ya embe, majani ya chai, machicha, juu yake unatia makavu, majani ya mwembe yaliyokauka, boksi lililochanwachanwa, makumbi tena, makavu yawe mara mbili ya mabichi kwa kuangalia kwa jicho. Ikinuka umetia mabichi mengi, ongeza makavu. Ikikaa tu haifanyi kitu imekauka, nyunyiza maji ya mchele. Koroga kwa mti kila baada ya siku kadhaa. Usitie nyama, mifupa, mafuta wala bariyo ya mchuzi, utaita panya. Kwa joto letu miezi miwili mitatu inaiva, wenzetu wa nchi za baridi wanangoja mwaka. Ikiiva inanuka udongo wa mvua na huwezi kutambua kilichokuwa ganda na kilichokuwa jani. Viganja viwili vya hiyo juu ya kila kopo kila baada ya mwezi au miwili, basi, hizo nyengine zote hapo juu ni nyongeza.

Lakini mtu anaweza kufanya yote haya, na mchele na ndizi na mboji, na asmini isitoe. Kwa sababu ua linataka jua. Asmini hii yetu ya kutungia inataka jua lenyewe, linaloipiga, saa sita kwa siku au zaidi, ikikosa itarefuka na kutafuta dirisha na kukupa majani matupu. Na hapa kuna jambo watu wa fleti hawaliangalii. Sisi tuko kiasi cha digrii 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana haliko upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwanzo wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba hivi linapita kaskazini yetu, miezi iliyobaki linapita kusini. Roshani inayotazama kusini kipupwe chote iko kivulini, inayotazama kaskazini ndiyo inayowaka, na ikifika Disemba mambo yanageuka. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "asmini yangu inatoa nusu mwaka tu, sijui nani kaitia jicho". Hakuna aliyeitia jicho, jua limehama. Hamisha kopo, au kama una dari lipandishe huko. Mie makopo yangu yana magurudumu ya kiti kibovu cha ofisi, watoto wanayasukuma.

Cha pili ni kukata. Asmini inatoa ua kwenye kijiti kipya, siyo kwenye kile cha mwaka jana kilichokomaa. Watu wanaona uchungu kukata mti walioulea, wanauacha unakuwa mikia mirefu mitupu na majani juu tu. Mzao mmoja ukimalizika chukua mkasi mkali, kata kila kijiti kwa thuluthi moja, juu kidogo ya pale majani mawili yalipokabiliana. Baada ya siku chache pale kwapani mwa kila jani panavimba kidoto cha kijani, kisha vinatoka vijiti viwili badala ya kimoja, na kwenye ncha ya kila kimoja vitumba vinakuja, mara nyingi vitatu vitatu, cha kati kinatangulia kunenepa. Hapo ndipo pa kutia unga wa ndizi na maji ya mchele, mti una kazi nao. Vitumba vikiwa vimejaa na vyeupe lakini bado vimefumba vichumwe alasiri, usingoje vifunuke mtini, magharibi ikiingia vitafunuka vyenyewe kwenye sahani, na kama ni wa kutunga kikuba au koja hivyo ndivyo vinavyotungika bila ya kumwagika.

Na yule anayekaa ndani kabisa Mji Mkongwe, kichochoro mikono miwili inagusa kuta, jua linaingia dakika kumi adhuhuri, yeye nimshauri nini? Asmini aiwache, anunue ya kutungwa. Kuna ua linalopenda kivuli na lina jina letu hasa. Lile dogo lenye shina nene la maji, linalotoa maua bapa mekundu au ya waridi au meupe mwaka mzima, nyuma yake lina mkia mwembamba, na vitumba vyake vya mbegu ukivigusa vinapasuka na kuruka. John Kirk, balozi wa Waingereza aliyekuwepo hapa enzi za Sayyid Barghash, alilipeleka kwenye bustani ya Kew Uingereza, na mwaka 1882 mtaalamu wao Joseph Hooker akalipa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi wataalamu wanaliita Impatiens walleriana na limejaa madirishani kwa Wazungu, na nyumba ngapi hapa mjini wanalo? Kuna na lile jani nene linalong'aa la maofisini, linauzwa ghali, kwa Kiingereza wanaliita kito cha Zanzibar, nalo asili yake pwani hizi hizi za Afrika Mashariki, ila hilo usilingoje kwa maua.

Hili la Sultani halitaki mambo mengi. Mwangaza bila ya jua kali, udongo wa makumbi na mboji usiokauka, maji ya mchele mara moja kwa wiki, unga wa ndizi nusu ya kile cha asmini. Likikosa maji linalala lote chini mpaka utadhani limekufa, limwagie, saa moja mbili litakuwa limesimama. Likirefuka mno na kubaki vijiti, kata kipande cha urefu wa kidole, toa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji dirishani, wiki mbili hivi kitakuwa na mizizi, na hayo maji ya glasi badilisha kila siku mbili.